Visima Visivyomwita Fundi

Mbaabu alipotoka ofisini mwa msimamizi wake, rasimu imebanwa kwapani, hakumsalimu mtu ngazini. Alishuka, akapita mbele ya duka la saruji na mabati lililokuwa chini ya chuo, akavuka barabara bila kutazama huku wala huku, na kijana wa bodaboda akamtupia tusi la Kiborana. Mbaabu hakumsikia. Kichwani alikuwa akigombana na karatasi. Juu ya ukurasa wa kwanza, penye kichwa alichokitunga mwenyewe kwa fahari, "Jinsi Uzembe wa Jamii Unavyoua Visima vya Isiolo", Daktari Fartun alikuwa ameandika kwa kalamu ya kijani: Hili ni jibu. Swali liko wapi?

"Swali liko wapi!" Mbaabu alijisemea kwa sauti, mpaka mama mmoja muuza maziwa akageuka. "Mimi nilishika spana kabla huyu hajaota meno, leo ananiuliza swali liko wapi!"

Kwa habari ya meno alikuwa anasema kweli. Mbaabu alikuja Isiolo kijana, ameteremka kutoka miinuko ya Meru na cheti cha ufundi ndani ya bahasha, akaandikwa kazi kwenye ofisi ya maji. Tangu hapo kila kisima cha mashine kilichozimika kati ya Kinna na Biliqo kilikuwa chake. Simu ilikuwa ikilia akiwa kanisani, akiwa matangani, akiwa bafuni na sabuni kichwani. Watu wengi hawakujua jina lake. Walimwita Fundi, wakamaliza. Alioa, akajenga nyumba mtaa wa Bula Pesa, akawasomesha watoto. Mke wake, Gaceri, aliuza viazi na kabichi sokoni, naye alishazoea kula chakula cha jioni na mtu ambaye macho yake yako kwenye simu.

Kisha kazi ya kuwasimamia mafundi ikatangazwa, na tangazo likataka digrii. Mbaabu akavunjika moyo kwa muda, halafu akajiandikisha masomo ya wikendi. Alikaa darasani na watu wa umri wa watoto wake, akapita masomo yote, hata yale ya hesabu yaliyomtoa jasho. Mwaka wa mwisho likabaki jambo moja tu, utafiti. Hilo aliliona dogo kuliko yote. Kwa nini visima vinaharibika? Alijua. Watu hawajali. Wanaachia mifugo ikanyage bomba, wanagombania kamati, wanasahau mafuta ya injini, halafu wanapiga simu. Kilichobaki ni kuyaandika hayo kwa lugha ya chuo.

Wiki iliyofuata alirudi kwa Daktari Fartun amebadilisha kichwa. Sasa kilisomeka: "Je, Uzembe wa Jamii Unaua Visima vya Isiolo?"

Daktari Fartun alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, binti wa mfanyabiashara wa malori hapo hapo mjini. Alikisoma kichwa kile, akakisoma tena.

"Mzee Mbaabu," alisema kwa upole, "umeongeza alama ya kuulizia."

"Ulitaka swali, Daktari."

"Nilitaka kitu usichokijua."

"Sasa Daktari, kama sikijui nitaandikaje kukihusu?"

Daktari Fartun akashusha kalamu. Alionekana kama mtu anayehesabu moja mpaka kumi kimoyomoyo. "Sawa," alisema. "Nenda ukaulize watu. Ukirudi tuzungumze."

Basi Mbaabu akatengeneza hojaji yake, akapanda gari la ofisi siku lilipokuwa likipeleka mabomba Kinna. Huko kulikuwa na kisima kilichokuwa kimezimika mara nyingi hata akawa anakijua kama mgongo wake unavyolijua godoro la nyumbani. Aliketi kivulini kwenye kiti cha plastiki walichomletea, akawaita mmoja mmoja. Swali lake kubwa lilikuwa hili: Je, unakubali kwamba kisima hiki huharibika kwa sababu jamii haikitunzi?

Ndiyo, alisema wa kwanza. Ndiyo, alisema wa pili. Ndiyo kabisa, Fundi, alisema wa tatu, akaongeza na chai.

Alirudi mjini anapiga mluzi. Jumamosi ile alipanda ngazi za chuo mbili mbili, akamwekea Daktari Fartun mrundo wa hojaji mezani.

"Wote wamekubali," alisema.

"Hata mmoja hakukataa?"

"Hata mmoja!"

"Na hilo halikukushtua?"

Furaha ikamkauka usoni. Daktari Fartun alichukua karatasi safi, akaandika swali moja, akamsukumia: Je, unakubali kwamba kisima hiki huharibika kwa sababu pampu iliyowekwa ni mbovu tangu mwanzo?

"Hilo si kweli," alisema Mbaabu. "Ile pampu niliiweka mimi."

"Waulize watu wale wale."

"Daktari, Kinna si hapo sokoni."

"Najua Kinna iko wapi, Mzee Mbaabu. Shangazi yangu ameolewa huko."

Alikwenda. Alinung'unika njia nzima, na dereva wa ofisi, Abdiladif, mtu wa kupenda stori, alijaribu kuzungumza naye mara mbili akaacha. Kinna walimletea kiti kile kile. Wa kwanza kuketi alikuwa Mama Qabale, mwanamke wa makamo mwenye mbuzi wengi na maneno machache. Mbaabu akamsomea swali jipya.

"Ndiyo," alisema Mama Qabale.

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo, pampu ni mbovu."

Mbaabu akamtazama. "Mama, juzi ulisema ni watu hawajali."

"Ndiyo. Hiyo pia."

Aliendelea na wengine, jasho linamtoka. Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo, Fundi. Alipomfikia wa mwisho alikuwa ameshaikunja hojaji ikawa bomba mkononi mwake. Akamfuata Mama Qabale pale alipokuwa akinywesha mbuzi.

"Mama, niambie ukweli. Kwa nini mnanikubalia kila kitu?"

Mama Qabale hakusimamisha kazi yake. "Fundi, sisi tuko na kisima kimoja na fundi mmoja. Wewe ukikasirika, nani atatuletea maji? Ukisema ni watu, ni watu. Ukisema ni pampu, ni pampu. Ukitaka kusema ni jini, pia uandike."

Njiani kurudi Mbaabu hakunung'unika tena. Alikuwa amekasirika kwa namna nyingine, ile ya mtu asiyejua amkasirikie nani.

Jumamosi alimweleza Daktari Fartun yote, pamoja na lile la jini. Alitarajia kuchekwa. Daktari hakucheka.

"Sasa tumeanza," alisema. "Mtu anaweza kuuliza mwaka mzima na asiwe amefanya utafiti. Kuuliza peke yake hakutoshi. Ni lazima uulize kwa mpango, na mpango wenyewe uwe unaweza kukukatalia. Kama hakuna jibu ambalo lingekufanya useme 'nilikosea', hapo hujauliza, umetafuta mashahidi."

"Basi nifanye nini?"

"Niambie, umefika kwenye visima gani?"

"Vyote," alisema Mbaabu. "Hakuna kisima nisichokijua huku."

"Vyote? Hata vile visivyoharibika?"

Mbaabu akamkazia macho. "Vile visivyoharibika nikafanye nini, Daktari? Nani ataniita?"

Akasema hivyo, na neno likamrudia masikioni. Miaka yote aliyoitumia barabarani, alikuwa akienda palipo na kisima kilichokufa, anawakuta watu wamegombana, mifugo imekanyaga bomba, mafuta ya injini meusi kama lami, anasema moyoni, hii ndiyo sababu. Hajawahi kwenda kwenye kisima kizima aone kama huko watu hawagombani.

"Nenda ukaangalie," alisema Daktari Fartun. "Pande zote mbili, maswali yale yale, kwa njia ile ile. Na usiulize wewe. Tafuta mtu ambaye hawamjui."

Jioni hiyo Gaceri alipata taabu. Mume wake alizunguka nyumba, akaketi, akasimama, akaeleza habari za visima vizima na visima vibovu mpaka viazi vikaungua.

"Si uachane na hiyo digrii?" alisema Gaceri, akikwangua sufuria. "Mshahara wa sasa unatutosha."

"Siachi! Yule mwanamke amenitia jambo kichwani, na halitoki!"

"Basi litoe nje, uende nalo kule kwa kuku."

Mtu wa kuuliza alimpata darasani. Akiru alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Mturkana, mwenye uso mtulivu ambao humfanya mtu aseme zaidi ya alivyokusudia. Walikubaliana kwamba yeye amsaidie kuuliza na Mbaabu amsaidie kwenye hesabu za tasnifu yake, kwa sababu hesabu zilimtoa Akiru jasho kuliko zilivyomtoa Mbaabu. Waliandika maswali upya. Yale ya "unakubali kwamba" yakaondolewa yote. Badala yake wakaandika: Mara ya mwisho kisima kiliposimama, kilianza vipi? Nani alikuwepo? Alifanya nini? Mbaabu alitaka kuongeza moja tu kuhusu uzembe. Akiru akamtazama na ule uso wake, Mbaabu akaliacha.

Safari ya kwanza ya kisima kizima ilikuwa Biliqo. Abdiladif alipakia gari, akatafuta nyuma, akarudi.

"Fundi, vyombo viko wapi?"

"Hatubebi vyombo."

"Tunaenda kutengeneza na mikono?"

"Hatutengenezi kitu. Kisima ni kizima."

Abdiladif alikaa na hilo mpaka wakapita Merti, barabara ikiwatikisa kama mtama kwenye ungo. Kisha akasema, "Wallahi, kama ningejua serikali inalipa watu kuangalia vitu vizima, ningesoma."

Kule Biliqo mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mbaabu hakuwa amemaliza kushuka garini, watu wakaanza kukusanyika.

"Nani amekuita?" aliuliza mzee mmoja aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya maji. "Hakijaharibika!"

"Najua, mzee. Nimekuja kukitazama tu."

"Kukitazama kwa nini? Mnataka kuihamisha pampu yetu?"

"Hapana, mzee."

"Wanataka kuihamisha!" mtu alipaza sauti nyuma, na ikachukua muda mrefu, salamu nyingi na chai nyingi kabla mzee yule hajakubali kwamba mtu mzima mwenye akili zake anaweza kusafiri mwendo wote huo kuja kuona pampu inavyofanya kazi.

Basi akaiona. Na alichokiona kilimchoma. Birika la kunyweshea lilikuwa limevunjwa upande mmoja na ngamia. Bomba lilikuwa wazi juu ya ardhi, likikanyagwa na kila chenye kwato. Kamati haikuwa imeketi tangu uchaguzi wake, na mwenyekiti na katibu hawakuwa wakisemeshana kwa sababu ya mambo ya ndoa. Kila alichokuwa akikiita uzembe huko Kinna kilikuwepo hapa, kimejaa tele. Na pampu inavuta maji, safi, bila hata kukohoa.

"Hiki kisima kilifaa kiwe kimekufa zamani!" Mbaabu alimwambia Akiru, akikaribia kulia.

"Andika hivyo hivyo," alisema Akiru.

Walizunguka hivyo kwa miezi, wakidandia safari za ofisi, visima vibovu na visima vizima. Akiru aliuliza, Mbaabu akakaa mbali ndani ya gari kama mtu aliyekatazwa kumwona mgonjwa. Alipokuja kuyasoma majibu ya Kinna kwa mara ya kwanza, yale aliyoambiwa mtu mgeni, alikuta watu hawakusema ndiyo. Walisema mengi. Wengine walisema dizeli ni chafu. Wengine walisema injini ni ya zamani. Na wengine, si wachache, walisema fundi mwenyewe huja mbio, anafunga nati, anakwenda, hamwonyeshi mtu chochote.

Mbaabu aliinuka. Akaketi. "Hawa tuwatoe."

"Kwa nini?"

"Hawajui wanachosema! Unajua nilikuwa natoka wapi siku hizo? Unajua simu ngapi zilikuwa zinaningoja?"

"Wale waliosema ndiyo uliwatoa?" aliuliza Akiru.

"Wale walikuwa…"

"Ukiwatoa wanaokuudhi tu, umerudi kwa alama ya kuulizia," alisema Akiru, kwa sababu kisa hicho alishakisikia.

Usiku wa mambo hayo ulikuwa mrefu kwake, na asubuhi hakunywa chai. Aliwaza kwamba labda ni yeye. Labda kisima kinakufa kwa sababu ya fundi. Mchana akajikaza, akafungua majibu ya visima vizima akiwa amekunja uso kama anayefungua kidonda. Na huko pia, watu walikuwa wakimlalamikia fundi! Walisema fundi hafiki, fundi hawaonyeshi kitu, fundi anawapenda wa Kinna. Watu ambao kabla ya utafiti huu hakuwahi kukanyaga kwao! Mbaabu alicheka peke yake mpaka Gaceri akachungulia mlangoni. Kama kumlalamikia fundi kuko pande zote mbili, basi hakuwezi kueleza kwa nini upande mmoja maji yanatoka na upande mwingine yamekauka. Uzembe wa jamii ulikuwa umeanguka kule Biliqo kwa hoja hiyo hiyo. Hakuweza kuitumia hoja hiyo kujiondolea lawama yeye, halafu akaendelea kuwalaumu wengine.

Kilichobaki baada ya kupepeta kilikuwa kitu kidogo ambacho hakuwahi kukifikiria. Kwenye visima vizima, anayewasha na kuzima injini alikuwa mtu yule yule kwa miaka mingi. Kwenye vibovu, ufunguo wa chumba cha injini ulikuwa ukibadilisha mikono kila kamati ilipobadilika. Mtu aliyezoea injini anasikia ikibadilisha sauti, anaizima. Mtu mpya hasikii. Mbaabu aliiona picha yote, akapata joto mwilini kama zamani, akaanza kuandika kichwa kipya: "Jinsi Kubadilisha Ufunguo…"

Halafu yakaja majibu ya Sericho.

Sericho, mbali huko mashariki, ufunguo ulikuwa umepita kwa watu wengi kuliko mahali pengine popote. Na kisima ni kizima.

"Sericho ni mbali sana," alimwambia Daktari Fartun. "Maji yake ni tofauti. Udongo tofauti. Tuseme hatukufika."

"Mlifika?"

"Tulifika."

"Basi."

"Daktari, kinaharibu kila kitu!"

"Hakiharibu kitu. Kinakuambia hujamaliza." Kisha, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, alitabasamu. "Kiandike, halafu uandike kwamba hujui."

Neno hilo lilimshinda kuliko hesabu. Aliandika "haijabainika". Daktari Fartun akalikata. Aliandika "inahitaji kuangaliwa zaidi". Akalikata hilo nalo. Mwishowe Mbaabu aliandika sijui, tena akaikandamiza kalamu mpaka karatasi ikapasuka kidogo.

Siku ya kutetea tasnifu alivaa koti la harusi ya mwanawe. Watahini walikuwa watatu. Mmoja wao, mwanamume mnene mwenye haraka, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Bwana Mbaabu, kwa kifupi, visima vinaharibika kwa nini?"

"Sijui bado, mheshimiwa."

"Umefanya kazi hii tangu ujana wako na hujui?"

"Hapo ndipo panaponiuma mimi pia," alisema Mbaabu. "Nilipoanza nilikuwa najua. Sasa ninaweza kukuambia mambo mawili ambayo si sababu, na moja ambalo labda ni sababu, na mahali ambapo hilo moja linakataa. Kwa kazi yote niliyofanya, hayo ndiyo niliyopata."

Watahini walitazamana. Walimtoa nje, wakamwita tena, wakampa mkono. Alikuwa amepita, ila kulikuwa na marekebisho. Mbaabu alipokea karatasi ya marekebisho akidhani ni mambo ya Sericho. Hapana. Walitaka apanue pambizo za kushoto na aweke namba za kurasa chini badala ya juu. Aliketi kwenye saiba, mbele ya kompyuta ya kukodi, mchana mzima akisogeza pambizo, na kila akisogeza, majedwali yanaruka ukurasa. Akasema maneno ambayo mzee wa kanisa hasemi.

Digrii ilikuja. Kazi ya kuwasimamia mafundi ilipotangazwa tena, aliiomba, akaipata. Amri yake ya kwanza ilikuwa kwamba kila fundi anayetumwa kwenye kisima kibovu apitie pia kwenye kimoja kizima kilicho karibu, aulize maswali yale yale, aandike. Mafundi walilalamika kwamba mzee amechanganyikiwa na masomo. Abdiladif alilalamika juu ya magurudumu. Ofisi nayo ikalalamika juu ya mafuta, na Mbaabu akapigania jambo hilo katika mikutano mitatu mfululizo mpaka akakubaliwa nusu yake.

Asubuhi moja fundi kijana, Kiugu, alirudi kutoka safarini na fomu tupu. Mbaabu alikuwa na kikombe cha chai mkononi.

"Mbona hukuuliza?"

"Hakukuwa na haja, mzee," alisema Kiugu, akivua buti zilizojaa vumbi. "Hao watu ni wazembe tu."

Mbaabu aliweka kikombe chini polepole. "Umejuaje?"

"Si kila mtu anajua?"

Mbaabu alifunika uso kwa viganja vyote viwili, huku Kiugu akimtazama kwa wasiwasi, akijiuliza kama mzee anaumwa.